Okonkwo: Kosa Lake na Lisilo Lake

Okonkwo anamuua Ikemefuna katika sura ya 7. Riwaya ya Things Fall Apart ina sura 25, kwa hiyo msomaji anafuatana na muuaji huyu zaidi ya theluthi mbili ya kitabu, na bado akifika ukurasa wa mwisho anamsikitikia. Chinua Achebe alikuwa na umri wa miaka 27 kitabu kilipotoka London mwezi Juni 1958, kwa nakala 2,000 tu za mwanzo. Imekuwaje mtu aliyemkata mtoto kwa panga akabaki shujaa machoni pa mamilioni ya wasomaji? Swali hilo limewashughulisha wahakiki tangu wakati huo, na halijachakaa.

Afrika Mashariki kitabu hiki si kigeni. Clement Ndulute alikifasiri kwa Kiswahili, na East African Publishing House ya Nairobi ikakichapisha mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Kwa Kiingereza kimesomwa madarasani kwa miongo kadhaa, na humo madarasani likazaliwa jibu la mkato ambalo karibu kila mwanafunzi analijua: Okonkwo aliangamia kwa sababu ya hasira, na hasira hasara. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini linafunika mambo mawili makubwa. Kwanza, hasira ya Okonkwo ni moshi tu; moto uko kwingine. Pili, si kila pigo lililompata alijipiga mwenyewe. Achebe alifanya kazi ya makusudi kutenganisha maovu aliyoyatenda Okonkwo na mabaya yaliyomshukia, na msomaji anayeyachanganya anamwonea mtu huyu upande mmoja na kumsamehe kirahisi upande wa pili.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, alishauri kwamba mhusika mkuu wa tanzia asiwe mwema kupita kiasi wala mwovu wa kupindukia. Mwema akiangamia bila sababu, watazamaji huchukizwa. Mwovu akiangamia, huona amepata stahili yake. Anayewaliza watu ni yule wa kati, mwenye hadhi na sifa, anayeporomoka kwa kosa fulani. Kipimo hicho kinamkaa Okonkwo vizuri. Lakini Achebe alikuwa na sababu iliyo karibu zaidi naye ya kumuumba mtu mwenye doa. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu pale Ibadan, yeye na wenzake walisomeshwa Mister Johnson, riwaya ya Joyce Cary ya mwaka 1939 juu ya karani wa Kinigeria anayewaabudu wakubwa zake wazungu mpaka mmoja wao anamuua kwa risasi. Wanafunzi wale hawakuipenda hata kidogo. Jibu jepesi lingekuwa kumchora Mwafrika mtakatifu, asiye na lawama, anayeonewa tu. Achebe alikataa njia hiyo. Alimpa Okonkwo jasho, akili ya kazi na heshima ya ukoo mzima, kisha akampa mikono inayowapiga wake na watoto. Kwa uamuzi huo aliwaheshimu wasomaji wake.

Moto wenyewe ni hofu.

Mapema kabisa, katika sura ya kwanza, Achebe anamleta Unoka, baba yake Okonkwo, mpiga filimbi mwenye madeni. Jirani yake Okoye anafika nyumbani na ngozi yake ya mbuzi ya kukalia. Wanavunja kola, wanasalimiana, wanazungumzia mvua na sikukuu zijazo. Mgeni anazungukazunguka kwa methali nyingi kabla hajaligusa lililomleta: kauri 200 alizomkopesha Unoka zaidi ya miaka miwili iliyopita. Unoka anaangua kicheko, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kisha anamwonyesha ukutani mafungu matano ya mistari ya chaki. Kila fungu ni deni la mtu, kila mstari ni kauri 100, na fungu dogo kuliko yote lina mistari kumi. Atalipa, anasema Unoka, lakini ataanza na wale wanaomdai zaidi. Okoye anakunja ngozi yake na kuondoka.

Msomaji naye anacheka, kwa kuwa Unoka ni mtu wa kupendeza, na pengine ndiye mtu pekee katika kitabu hiki ambaye ungependa kukaa naye jioni nzima. Okonkwo hakuwahi kucheka. Utotoni mwenzake wa michezo alimwita baba yake kwa jina la dharau, jina la mwanamke, jina la mwanamume asiye na cheo chochote. Aibu hiyo ilimkaa rohoni. Unoka hakumwachia ghala, hakumwachia cheo, hakumwachia hata mke mmoja kijana. Alikufa kwa ugonjwa wa kuvimba uliohesabiwa kuwa chukizo kwa Ani, mungu wa kike wa ardhi, akapelekwa kufia msituni bila kaburi. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo alikuwa na kila haki ya kuuchukia umaskini.

Hapa ndipo kosa la kwanza la Okonkwo lilipo, na si hasira. Baba yake alimwachia mchanganyiko: uvivu, madeni, woga wa damu, lakini pia muziki, mazungumzo, upole, na furaha ya kumwona mwewe wa kwanza akirudi baada ya masika. Mrithi mwenye busara angepepeta. Okonkwo alitupa pumba na punje kwa pamoja. Kwa kuwa Unoka alikuwa mvivu na mpole, mwanawe akaamua kwamba upole ni uvivu. Tangu siku hiyo kila alichokifanya kwa ukali alikifanya akimkimbia marehemu.

Mwanzoni mbio hizo zilimlipa. Akiwa na miaka 18 alimwangusha Amalinze, mwanamieleka ambaye kwa miaka saba hakuna aliyekuwa amemlaza chini. Alikwenda kwa tajiri Nwakibie, mwenye maghala matatu, wake tisa na watoto thelathini, akaomba mbegu za viazi vikuu za kupanda kwa kugawana mavuno. Nwakibie alikuwa amewakatalia vijana wengi, lakini huyu alimpa 800. Mwaka huo ukawa mbaya kuliko yote iliyokumbukwa. Mvua ilichelewa, ikaja kidogo, jua likaunguza miche, kisha mvua ikarudi kwa fujo na kuosha matuta. Mkulima mmoja alijinyonga kwa kukata tamaa. Okonkwo alisimama. Baadaye alijiambia kwamba aliyenusurika mwaka ule hakuna litakalomshinda, akalihesabu jambo hilo kuwa ni kwa ugumu wa moyo wake. Anayekumbuka jinsi kitabu kinavyoisha hawezi kumsahau yule mkulima aliyetajwa kwa sentensi chache.

Ndani ya boma lake hofu hiyo ilikuwa na sauti ya kipigo. Katika Wiki ya Amani, siku ambazo Umuofia, ukoo wa Okonkwo, hairuhusu hata neno kali kabla ya kupanda, Okonkwo alimpiga mke wake mdogo Ojiugo kwa kuwa alikwenda kusukwa nywele na kuchelewa kupika. Wake wengine walimlilia wakimkumbusha ni wiki gani. Hakuacha. Kuhani wa Ani alimtoza mbuzi jike, kuku jike, kipande cha nguo na kauri 100. Okonkwo alilipa, na moyoni alijuta. Lakini hakuwa mtu wa kwenda kwa majirani kukiri, basi wakasema amekosa adabu mbele ya miungu. Kabla ya sikukuu ya kiazi kipya alimpiga mke wake mwingine, Ekwefi, akidai ameua mgomba kwa kukata majani machache ya kufungia chakula. Mgomba wenyewe ulikuwa mzima. Ekwefi aliponong'ona neno la kejeli juu ya bunduki zisizowahi kuua, Okonkwo alichukua bunduki yake na kumfyatulia. Alimkosa.

Wapo wanaoyapitia matukio haya haraka kwa kusema kwamba ndivyo mila ya wakati huo ilivyokuwa. Riwaya yenyewe inawakanusha. Katika sura ya 10 baraza la egwugwu, wazee waliovaa vinyago vya mizimu ya ukoo, linasikiliza kesi ya Uzowulu aliyezoea kumpiga mkewe Mgbafo mpaka ndugu zake wakaja kumchukua. Uzowulu anaamriwa apeleke pombe kwa wakwe na kumwomba mkewe arudi, na anaambiwa wazi kwamba kupigana na mwanamke si ushujaa. Mahali pengine, Okonkwo anamtukana Osugo, mtu asiye na cheo, kwa kumwita mwanamke mbele ya kikao cha ukoo. Wazee wanasimama na Osugo, na Okonkwo analazimika kuomba radhi. Umuofia ilikuwa na sheria, wapatanishi na aibu ya hadharani kwa mwenye mkono mwepesi. Okonkwo alijifanya mlinzi mkuu wa mila huku akiisikiliza nusu yake tu: ile ya vita, vyeo na mavuno. Nusu ya pili, ya ardhi, amani, mama na subira, aliilipia faini kila ilipomnasa.

Hata hivyo Umuofia haiwezi kunawa mikono. Ikemefuna aliletwa kutoka Mbaino kama fidia ya mke wa mtu wa Umuofia aliyeuawa huko. Mtoto huyo hakuwa amemkosea mtu. Aliwekwa kwa Okonkwo kwa muda, kisha wazee wakamsahau, na kwa miaka mitatu akawa mwana wa nyumba ile. Alimfundisha Nwoye, mwana wa Okonkwo, kutengeneza mitego na kuchonga filimbi kwa mabua. Alimwita Okonkwo baba. Okonkwo alimpenda, ingawa hakulionyesha, kwa kuwa kuonyesha upendo kwake kulikuwa dalili ya udhaifu. Hukumu ya kumuua ilitoka kwa mzimu wa milimani na mapangoni, na ukoo mzima uliikubali.

Mzee Ezeudu, mtu aliyeheshimika kuliko wengi, alikuja mwenyewe kumwonya Okonkwo: mtoto huyo anakuita baba, usishiriki. Okonkwo alisikia, akaenda. Njiani Ikemefuna alibeba chungu cha pombe kichwani, akimwaza mama yake, akijiuliza kama bado yu hai, akiimba kimoyomoyo wimbo wa utotoni ili hatua zake zimpe jibu. Mtu aliyekuwa nyuma yake aliinua panga. Okonkwo aligeuza uso. Chungu kilianguka kikavunjika, na mtoto akamkimbilia yule aliyemwita baba, akilia kwamba wanamuua. Okonkwo akachomoa panga lake akamkata. Achebe anataja sababu kwa maneno machache: aliogopa kuonekana dhaifu.

Hakuna aliyekuwa amemlazimisha. Angeweza kubaki nyumbani kama Obierika, rafiki yake mkubwa, ambaye hakuna mtu Umuofia aliyethubutu kumwita mwoga. Baadaye Okonkwo alipomsuta kwa kutokwenda, Obierika alimjibu kwamba kama mzimu ungeagiza mwanawe mwenyewe auawe, asingeubishia, lakini pia asingekuwa yeye wa kuutekeleza. Tofauti hiyo ndogo ndiyo tofauti nzima kati ya wanaume hawa wawili. Obierika anaamini sana kiasi kwamba hahitaji kujionyesha. Okonkwo hakuwahi kupata utulivu huo. Kwa siku mbili baada ya kumuua mtoto hakula. Alikunywa pombe tu na kumwita Nwoye akae naye, na Nwoye akawa anamwogopa.

Mateso ya Okonkwo yanajadiliwa sana. Mateso aliyoyasababisha hayajadiliwi vya kutosha. Nwoye alipojua kwamba Ikemefuna ameuawa hakulia. Kitu ndani yake kililegea, na hakikukazika tena. Aliwahi kuisikia hali hiyo mara moja kabla, alipopita msituni akasikia vilio vya watoto pacha waliotupwa humo kufa kwa mujibu wa mila. Miaka ikapita, wamisionari wakafika Mbanta, kijiji alikokuwa Okonkwo uhamishoni, na kuimba, na kijana huyu hakuvutwa na fundisho la Utatu, ambalo hakulielewa. Alivutwa na wimbo uliogusa maswali mawili yaliyokuwa yakimsumbua: pacha wanaolia porini, na Ikemefuna. Baba yake aliposikia alimkaba shingo na kumpiga kwa fimbo. Nwoye alipoachiliwa aliondoka, hakurudi.

Usiku huo Okonkwo, aliyekuwa akiitwa Moto Uwakao, alikaa akitazama kuni zikiungua na kujiuliza ilikuwaje yeye kuzaa mwana kama huyo. Akajijibu kwamba moto mkali huzaa jivu baridi. Mswahili naye anasema moto huzaa jivu, kwa hiyo msomaji wa Shujaa Okonkwo anakutana na wazo hilo kama mtu wa nyumbani. Lakini Okonkwo alilitumia kujitoa lawamani. Hakuona kwamba jivu lilikuwa kazi ya moto. Kwa miaka yote alikuwa ameishika imani ambayo wazazi wengi wa Afrika Mashariki wameilea kwa methali, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Yeye hakumchelea Nwoye hata siku moja, na bado alilia.

Fasihi ya Kiswahili inamjua baba wa namna hii. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alimchora Zakaria wa Ukerewe anayempiga bintiye Rosa vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana. Zakaria ni mlevi asiye na sifa za Okonkwo, na hapo vitabu vinaachana: Kezilahabi anaufuata mkono wa baba ndani ya maisha ya binti mpaka anapojiua, wakati Achebe anabaki na baba. Vitabu hivyo viwili vikisomwa pamoja, mtu anaona pande zote mbili za kipigo kimoja.

Ingekuwa uongo, hata hivyo, kusema Okonkwo hakuwa na moyo. Ekwefi alizaa watoto kumi na kuzika tisa. Aliyebaki ni Ezinma, na Okonkwo alimpenda kuliko watoto wake wote. Usiku ule kuhani Chielo alipombeba Ezinma mgongoni kumpeleka kwenye pango la mzimu Agbala, Ekwefi aliwafuata gizani kwa woga. Okonkwo naye alitoka na panga, akaenda mpaka pangoni na kurudi, akaenda tena, mara nne, kabla hajamkuta mkewe amekaa mlangoni pa pango. Hakusema amefanya hivyo. Yote mema aliyoyahisi aliyaficha kama mtu anayeficha wizi, na alichokuwa akikisema mara kwa mara juu ya Ezinma ni kwamba laiti angekuwa mvulana.

Kisha linakuja pigo lililompotezea kila kitu, na hili halina uhusiano na hasira wala hofu. Ezeudu alifariki. Katika mazishi yake, ngoma zikiwa zimepamba moto na bunduki zikilia kwa heshima ya marehemu, bunduki ya Okonkwo ilipasuka na kipande cha chuma kikamchoma moyoni mtoto wa Ezeudu wa miaka 16. Ilikuwa ajali. Sheria ya Umuofia ililitambua hilo: kumuua mtu wa ukoo bila kukusudia kulikuwa na adhabu ya uhamisho wa miaka saba, na angeweza kurudi. Alfajiri wanaume waliovaa mavazi ya vita walibomoa nyumba zake, wakaua mifugo, wakachoma ghala. Obierika alikuwa miongoni mwao. Hawakuwa na chuki naye. Walikuwa wakiisafisha ardhi.

Baadhi ya wahakiki hulisoma tukio hili kama malipo. Mtoto aliyekufa ni wa Ezeudu, yule yule aliyemwonya Okonkwo juu ya Ikemefuna, na umri wake unakaribiana na wa Ikemefuna. Obierika mwenyewe alikuwa ametahadharisha kwamba tendo la kumuua mtoto yule lingeweza kumkasirisha mungu wa ardhi na kuangamiza jamaa nzima. Ulinganifu huo upo na mwandishi hakuuweka bure. Lakini jioni baada ya kubomoa boma, Achebe anampa Obierika neno tofauti kabisa. Anamkalisha akijiuliza kwa nini mtu ateseke hivyo kwa kosa ambalo hakulikusudia, na katika kujiuliza anawakumbuka watoto wake mwenyewe, pacha, aliowatupa msituni. Walikuwa wamekosa nini? Obierika hapati jibu. Iwapo Achebe angetaka msomaji aione ajali ile kuwa adhabu ya haki, asingemwacha mtu mwenye busara kuliko wote kijijini akiwa na maswali hayo. Kauli ya haki hapa ni kwamba Okonkwo alipaswa kuadhibiwa kwa Ikemefuna na hakuadhibiwa. Hakupaswa kuangamia kwa mtoto wa Ezeudu, na ni kwa ajili ya huyo ndipo alipoangamia.

Miaka saba ya Mbanta, kwa wajomba, ilikuwa nafasi ya kupona. Mjomba Uchendu alimpokea, wanawe watano wakamchangia kila mmoja mbegu 300 za viazi vikuu. Mzee huyo aliwakusanya jamaa akamuuliza Okonkwo mbele yao kwa nini watoto wengi huitwa jina la kumtukuza mama, na Okonkwo, mtu mzima mwenye wake watatu, hakujua jibu. Uchendu alimweleza: mtu ni wa kwa baba yake mambo yakiwa shwari, lakini akipatwa na machungu hukimbilia kwa mama. Kisha akataja misiba yake mwenyewe, wake aliowazika na watoto 22 aliowafukia, akamwuliza kama anadhani yeye ndiye mteswa mkubwa kuliko wote duniani. Katika kitabu kizima hakuna aliyempa Okonkwo dawa iliyomfaa zaidi. Yeye aliikalia kimya miaka saba akihesabu siku za kurudi, na alipofika kwao akajuta kwamba asingekuwa Mbanta angekuwa amepanda vyeo vikubwa.

Umuofia aliyoirudia haikuwa ile. Achebe aliichora kutokana na historia ya kweli. Waingereza walitangaza himaya ya Nigeria ya Kusini mwaka 1900, na vikosi vyao vikaingia nchi ya Waigbo mmoja baada ya mwingine. Mwezi Novemba 1905, karibu na Ahiara, wenyeji walimuua daktari Mwingereza, J. F. Stewart, aliyekuwa akisafiri kwa baiskeli, na jeshi likatumwa kulipiza kisasi. Kisa cha Abame katika riwaya, mzungu wa farasi wa chuma na watu waliopigwa risasi sokoni, kinafanana nacho waziwazi. Watu wa Abame hawakuwa na hasira za Okonkwo wala hofu yake ya baba. Walikufa vile vile. Mtu anayedai kwamba Umuofia ilianguka kwa sababu ya ukali wa shujaa wake hana budi kueleza Abame ilianguka kwa sababu gani.

Mkuu wa Wilaya aliwaita viongozi sita wa Umuofia kwa mazungumzo, akawatia pingu. Walinyolewa vichwa na matarishi wa mahakama, wakachapwa, wakanyimwa chakula. Faini ilikuwa mifuko 200 ya kauri. Matarishi wakawaambia wanakijiji ni 250 na kutia 50 mifukoni. Huo ni utawala wa kikatili na wa kifisadi, na Okonkwo hakukosea kuuona hivyo. Alilokosea ni kudhani kwamba ungeweza kushindwa kwa mieleka. Kesho yake baada ya viongozi hao kuachiliwa, mkutano wa ukoo ulipositishwa na tarishi mkuu, Okonkwo alimkata kwa panga. Wale matarishi wengine waliachwa wakakimbia. Alisikia sauti katika umati zikiuliza kwa nini amefanya hivyo, akajua kwamba Umuofia haitapigana. Alifuta panga lake mchangani, akaondoka.

Alijinyonga nyuma ya boma lake. Kwa mila aliyoilinda kwa upanga, kujiua ni chukizo kwa ardhi. Watu wa ukoo hawakuruhusiwa hata kumshusha mtini, na Obierika akalazimika kumwomba mzungu watu wake waifanye kazi hiyo. Okonkwo aliyeishi ili asife kama Unoka alikosa mazishi kama Unoka. Mkuu wa Wilaya aliondoka akiwaza kwamba kisa cha mtu huyu kitamfaa kwa aya moja katika kitabu anachokiandika juu ya kuwatuliza washenzi. Obierika, ambaye katika kitabu kizima hapandishi sauti, kabla ya hapo alimgeukia kwa ukali na kumwambia kwamba wao ndio waliomsukuma mtu mkubwa kuliko wengi Umuofia mpaka akajiua. Sauti ikamkatika.

Obierika anasema kweli, na bado si kweli yote. Kwa damu ya Ikemefuna Okonkwo ana hatia, na mzimu wa milimani haumwondolei. Kwa Ojiugo, kwa Ekwefi na kwa Nwoye ana hatia. Kwa mtoto wa Ezeudu hana, na wala si yeye aliyeivunja Umuofia, maana Umuofia ilivunjwa na bunduki, mahakama, dini na biashara ya mawese vilivyokuja kwa pamoja. Dosari zake ziliamua jambo moja tu katika anguko hilo: kwamba siku dunia yake ilipobomoka alikuwa peke yake, bila mwana aliyempenda, bila upole wa kumsaidia kushindwa.

Walimu wanaokifundisha kitabu hiki wawape wanafunzi na kile kinachofuata, No Longer at Ease cha mwaka 1960, ambacho kwa Kiswahili ni Hamkani si Shwari Tena. Humo Nwoye ni mzee Isaac Okonkwo, katekista mstaafu, na anamsimulia mwanawe Obi habari za Ikemefuna. Anamwambia pia kwamba zilipomfikia habari za kifo cha baba yake, alikataa kwenda kuzika.